Hakuna Aliyerudi Ukurasa wa Kwanza

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile la kurasa 32 linalouzwa kwenye kibanda cha karibu na lango la zahanati, pamoja na peremende, maji ya chupa na kadi za simu. Mgonjwa wa Ukambani analijua vizuri. Usipokuwa nalo huonwi, na likijaa unanunua jingine. La mpwa wangu lina picha ya twiga kwenye jalada na doa la chai pembeni. Alilinunua akiwa na miaka 24, mwezi wa pili, siku chache baada ya kuvuna ndengu, akalibeba kwa mwaka mmoja na nusu kutoka zahanati hadi zahanati, upande huu wa Mto Athi na upande ule, kwa kuwa kwao ni Kitui na ameolewa Makueni.

Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu: homa, uchovu, viungo vinauma. Malaria hakuna. Panadol. Ukurasa wa tatu, mwandiko mwingine: viungo bado, vidole havikunjiki asubuhi. Kipimo cha brusela kikasema ndiyo, akadungwa sindano siku saba. Wa tano ni vidonda mdomoni, na dawa ya kuvu. Wa saba ni upele usoni, na krimu. Wa tisa ni nywele zinazong'oka kwa mafungu. Hapo hakupewa dawa ila nasaha ya kupunguza mawazo. Wa kumi na moja ni kifua kinachochoma akivuta pumzi: nimonia, na Septrini. Wa kumi na nne, mwandiko wa nane: miguu imevimba, kope zimevimba. Aliyemwona siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa uganga aliyekuja mafunzoni, kijana wa miwani mikubwa, naye ndiye wa kwanza kumpa kikopo na kumwambia akalete mkojo.

Miandiko minane, na hakuna hata mmoja uliourejelea ule wa kabla yake. Sina haja ya kuzitaja zahanati hizo. Ukisoma kila ukurasa peke yake, una akili: mtu mwenye homa na viungo vinavyouma katika nchi ya ng'ombe na mbuzi anaweza kweli kuwa na brusela, na mwenye kuchomwa na kifua anaweza kweli kuwa na nimonia. Ni daftari zima ndilo lililokosa msomaji.

Ugonjwa wenyewe unaitwa lupasi. Jina limetoka kwenye lupus, neno la Kilatini la mbwa mwitu, kwa sababu waganga wa Ulaya wa zamani waliona vidonda vya uso vikafanana na mahali palipong'atwa na mnyama huyo. Mbwa mwitu wa Ulaya hatumjui huku. Angekuwa Mkamba aliyeupa jina angeuita fisi, na nadhani angepatia zaidi: huja, hunyofoa kipande, huondoka, na unapodhani boma limepona hurudi kunyofoa mahali pengine.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimepita nguo. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya chembe zake wenyewe, na popote zinapotua panawaka: kwenye ngozi, viungo, utando wa mapafu na moyo, figo, damu, wakati mwingine ubongo. Hauambukizi kwa kula pamoja, kwa kulala pamoja wala kwa kuongezewa damu. Kati ya kila wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, yaani umri ule ule ambao mwanamke wa huku anazaa, analima, anateka maji na kuhudhuria chama, na ambao uchovu wake haumshtui mtu. Nani amewahi kumwona mama wa Mutomo asiyechoka?

Kwa miaka mingi vitabu vilisema lupasi ni nadra Afrika. Mwaka 1968 daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, Brian Greenwood, aliandika kwamba magonjwa ya namna hii yanaonekana kwa uchache sana huko, akadhani labda malaria na minyoo huituliza kinga ya mwili. Ni hoja ya kuheshimika, na watafiti bado wanaibishania. Lakini ilizaa tabia mbaya: daktari akishafundishwa kwamba kitu hakipo, hakitafuti, na asipokitafuta hakioni, na asipokiona anaandika kwamba hakipo. Wakati huohuo, Marekani na Uingereza, ambako waliochunguzwa walihesabiwa, wanawake wenye asili ya Afrika waliugua zaidi kuliko Wazungu, tena mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Kitui na Makueni, kwa hesabu ya watu ya 2019, zina wakazi zaidi ya milioni 2.1. Sitaki kuamini kwamba fisi huyu aliruka mabara yote mawili akaiacha Ikutha.

Hoja yangu ni nyepesi, hata naona haya kidogo kuiita hoja. Lupasi haitambuliwi kwa dalili moja. Inatambuliwa kwa kujumlisha. Madaktari wenyewe wameikiri hesabu hiyo: mwaka 1982 chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilitoa orodha ya mambo 11, na mgonjwa akifikisha manne, hata kama hayakuja kwa wakati mmoja, waliruhusu aitwe mwenye lupasi. Mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya na Marekani wakaigeuza kuwa mfumo wa alama, lakini kujumlisha kukabaki pale pale. Orodha hizo zilitungwa kwa ajili ya utafiti, si za kubandikwa ukutani. Hata hivyo zinafundisha jambo. Mpwa wangu alikuwa na viungo ukurasa wa tatu, vidonda vya mdomo ukurasa wa tano, upele ukurasa wa saba na utando wa mapafu ukurasa wa kumi na moja. Manne. Figo zilianza kuvuja baadaye.

Nianze na uso, maana ndio unaowadanganya wengi. Picha tulizorithi vitabuni zilipigwa kwenye mashavu ya Wazungu, na zinaonyesha wekundu wa umbo la kipepeo, mabawa mashavuni na kiwiliwili juu ya pua. Kwa ngozi yetu usitafute wekundu. Tafuta weusi uliokolea kuliko kawaida, au zambarau, au kahawia yenye ukavu kama mtu aliyebabuka, na uangalie mikunjo miwili inayotoka puani kwenda pembe za mdomo: mara nyingi yenyewe hubaki safi, kana kwamba kipepeo amekataa kuikanyaga. Dada yangu alimtazama binti yake akasema jua limemchoma. Hakukosea. Jua huuamsha ugonjwa huu, na si kwenye ngozi tu. Mtu anaweza kushinda shambani Jumatatu na Jumatano akaamka na homa na viungo. Ndengu huvunwa Januari na Februari, wakati anga la Kathonzweni halina hata kijiwingu cha kuombea, na wavunaji huinama toka alfajiri mpaka adhuhuri migongo wazi. Sasa rudi kaangalie tarehe ya ukurasa wa kwanza.

Kuna sura nyingine ya ngozi, ya madoa ya mviringo yenye magamba, yanayopona kwa kuacha kovu na upara. Hukaa kichwani, usoni, na ndani ya bakuli la sikio ambako hakuna anayetazama. Mwimbaji Seal wa Uingereza ana makovu ya aina hiyo mashavuni, na nimewahi kusikia watu wakibishana kama ni chale za kabila. Huku kwetu madoa hayo huitwa choa, hupakwa krimu ya dukani yenye dawa kali ya kutuliza uvimbe, hufifia wiki mbili, kisha hurudi na wenzake. Krimu imefuta ushahidi bila kumkamata mwizi.

Mikono nayo. Dada yangu yumo katika kikundi cha kusuka viondo, na binti yake alijifunza kabla hajaanza shule: katani husokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha uzi hupitishwa kwa kidole gumba na cha shahada, mara elfu kwa kiondo kimoja. Siku moja mama mtu aliona mishono ya binti yake imelegea. Alimkemea kwa uvivu. Binti akamwonyesha vidole vilivyovimba kama maharage yaliyolowekwa, akasema, "Mwaitu, mpaka saa nne ndipo vinafunguka." Sentensi hiyo ndiyo ingeandikwa kwenye daftari jinsi ilivyo. Maumivu ya jembe hupungua ukilala. Haya huwa mabaya zaidi ukiamka, na ukakamavu hudumu saa nzima au zaidi. Mwenye maumivu ya aina hiyo katika mikono yote miwili, wiki baada ya wiki, hana haja ya panadol ya saba. Ana haja ya mtu wa kumuuliza: je, mdomoni una vidonda, hata visivyouma? Jua likikupiga inakuwaje? Nywele? Ukivuta pumzi ndefu? Kuna aliyewahi kukwambia damu yako ni pungufu?

Katikati ya daftari kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa stepla, na kwa sababu yake nusura ndoa ivunjike. Maabara moja ya sokoni ilimpima ikasema ana kaswende. Mumewe akapimwa, akakutwa hana. Sitayaeleza yaliyosemwa jikoni jioni ile. Nitasema tu kwamba wazee waliitwa, na kwamba mwanamke alidungwa penisilini huku akiapa. Kipimo kile cha zamani, VDRL, hakitafuti kijidudu cha kaswende chenyewe. Kinatafuta kingamwili dhidi ya mafuta fulani, na mwenye lupasi anaweza kuwa nazo pasipo kuijua kaswende hata kwa jina. Udanganyifu huo ulijulikana zamani mno, hata ulitiwa katika orodha ya 1982 kama sehemu ya dalili za damu. Kilichotakiwa ni kipimo cha pili cha kuthibitisha. Kingamwili za jamii hiyo pia hugandisha damu na kuharibu mimba. Nikisikia kijijini mwanamke aliyepoteza mimba mara tatu akisengenywa, siku hizi swali langu si lile la zamani.

Kisha figo. Hapa sina utani. Karibu nusu ya wenye lupasi hupatwa na ugonjwa wa figo wakati fulani, na figo haziumi zinapoharibika. Zinaanza kwa kuvujisha protini, na mkojo wenye protini hutoa povu lisiloisha, kama la bia. Kila mwongozo utakwambia umwulize mgonjwa kama anaona povu. Ni ushauri wa watu wenye choo cha kuvuta maji. Katika choo cha shimo cha Kathonzweni au Zombe, chenye giza, nani ameona povu? Mgonjwa ataona miguu imejaa jioni na kope zimejaa asubuhi, na wakati huo figo zimekwisha kuteswa kwa miezi.

Ndiyo maana namshukuru yule mwanafunzi wa miwani. Kijiti cha kupimia mkojo hakihitaji mtaalamu, umeme wala gari la wagonjwa. Unakichovya, unasubiri kama dakika moja, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo lake. Tena kipo: katika kliniki ya wajawazito mama hupimwa mkojo kuangalia protini, na mara nyingi ni mlango wa pili tu kutoka chumba cha wagonjwa wengine. Mpwa wangu alipita mbele ya mlango huo, kwa hesabu yangu, mara kumi na moja.

Rafiki yangu mmoja ni tabibu upande wa Mwingi. Nilipompigia simu kumfokea (maana yeye alikuwa karibu na simu, wenye makosa hawakuwa), alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dada, leo nimeona watu sabini na wanne. Unataka niwaze ugonjwa wa Nairobi?" Akanikumbusha na historia. Kitui imekula homa za kila aina. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipigwa na kalaazari, ugonjwa wa usubi wa vichuguuni, unaoleta homa isiyoisha na damu kupungua, na ambao mpaka leo unaweza kufanana sana na lupasi. Kuna kifua kikuu, kuna Ukimwi, kuna brusela ya kweli. Akisema kila kiungo kinachouma ni lupasi, ataua watu kwa upande wa pili, kwa sababu dawa za kutuliza kinga ukimpa mwenye kifua kikuu umemmaliza. Hata kipimo maarufu cha damu, kile kinachotafuta kingamwili dhidi ya kiini cha chembe, karibu kila mwenye lupasi hukutwa nazo, lakini wapo wengi wenye afya yao ambao nao wanazo. Karatasi hiyo peke yake haimwambii mtu kitu.

Nilikubali yote. Lakini nami nikamkumbusha mwaka 2004. Watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu ya kuvu, wengi wao wa Makueni na Kitui. Tukio lile halikugunduliwa kwanza na mashine. Liligunduliwa kwa sababu wahudumu wa hospitali za huku waliona macho ya manjano leo, wakayaona kesho, wakakataa kuandika homa ya ini na kupita. Walijumlisha. Tofauti ni kwamba wao walijumlisha watu wengi wenye dalili moja. Lupasi inataka ujumlishe dalili nyingi za mtu mmoja. Akacheka akasema nimekuwa mwalimu. Lakini alikata simu akiwa na jambo la kufikiria, na wiki iliyofuata aliniuliza vijiti vya mkojo viagizwe vingapi.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Katika mwaka ule mmoja na nusu, mtu pekee aliyemsikiliza mpwa wangu kutoka mwanzo hadi mwisho alikuwa mundu mue, mganga wa kienyeji. Alimketisha chini ya mwembe, akamuuliza ilianza lini, ikaenda wapi, ikarudi lini, nani alikuwapo, alikula nini. Saa mbili. Jibu lake lilikuwa uoi, yaani uchawi, na aliyetajwa ni mke wa shemeji, na familia bado inauguza jeraha hilo. Jibu baya kabisa. Lakini maswali yalikuwa mazuri kuliko yote aliyoulizwa, na tukitaka watu waache kumwendea inatubidi tuukubali ukweli huo. Mgonjwa wa lupasi akianza kifafa ghafla au kusema na watu wasiokuwapo, jambo ambalo hutokea ugonjwa ukifika ubongoni, familia itampeleka kwa yule aliyewahi kuwasikiliza.

Dawa ipo, na ya msingi ina undugu na ile waliyoijua wazazi wetu. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba Kenya mpaka ilipoachwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Walioinywa wanakumbuka mwasho wake, unajikuna hadi kwenye nyayo. Nduguye, haidroksiklorokwini, ndiyo nguzo ya tiba ya lupasi. Hupunguza milipuko, hulinda figo, na mjamzito haachishwi. Mwaka 2020, dunia ilipodhani inatibu korona, ilitoweka madukani na bei ikapanda, na wenye lupasi ndio waliolipia uvumi wa wengine. Macho hupimwa mara kwa mara kwa anayeitumia kwa miaka. Pamoja nayo hutolewa prednisoloni wakati wa mlipuko, nayo huufanya uso uwe mviringo kama mwezi, na wanawake wengi huiacha kwa aibu. Kuiacha ghafla ni hatari. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Kwa figo kuna dawa kali zaidi, na hizo zinataka mtaalamu. Wataalamu hao nchini ni wachache mno na karibu wote wako Nairobi, kwa hiyo mpwa wangu hupanda matatu mjini Wote kabla ya alfajiri, kofia pana mapajani kwa ajili ya jua la kurudi.

Kaunti zinaweza. Makueni ilithubutu mwaka 2016 kuwaambia wananchi kaya ilipe shilingi 500 kwa mwaka itibiwe katika hospitali zake, na nchi nzima ikaja kujifunza. Tangu Oktoba 2024 tuna mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, yenye mfuko wa magonjwa sugu, na hospitali zetu kubwa zina mashine za kusafisha damu. Tazama basi mpangilio: tumejitayarisha kumlaza mwanamke kwenye mashine kila wiki maisha yake yote, lakini hatujamtayarishia kijiti cha mkojo siku anapolalamika vidole. Daktari wa viungo aje Kitui siku moja kwa mwezi, na Wote siku nyingine. Haidroksiklorokwini iwe katika duka la dawa la hospitali ya kaunti, si kwenye cheti cha kwenda kununulia mjini. Na mwanamke yeyote ambaye viungo vinamuuma zaidi ya wiki sita, kabla ya kuitwa brusela mara ya pili, apewe kikopo.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu zahanati. Ilikuwa mafua tu. Ana daftari jipya sasa, lakini halitenganishi na lile la twiga. Ameyashona pamoja kwa uzi wa katani, mshono wa kiondo, umekaza. Tabibu aliyekuwa zamu, kijana tena, alifungua ukurasa mtupu na kuanza kuandika tarehe. Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Samahani, daktari. Anzia huku nyuma."

Kijana akamtazama, akatazama foleni mlangoni, kisha akafunua jalada la twiga na kuanza kusoma. Nje, mzee mmoja akauliza kwa sauti mle ndani kuna nini kinachochukua muda wote huo.